David Oistrakh: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mpiga fidla na mwalimu wa Moscow

Watu wengi wanakutana na huyu mzee YouTube, video ya rangi nyeusi na nyeupe, jamaa mnene kidogo kavaa suti, kasimama katulia kama anasubiri basi, afu sauti inayotoka pale haifanani kabisa na utulivu wake. Hapo maswali yanaanza. Nimeyakusanya yale yanayojirudia sana, mengine nimejibu kwa kirefu kwa sababu yana mambo, mengine ni ya mstari mmoja tu.

Oistrakh ni nani kwa kifupi?

David Fyodorovich Oistrakh, alizaliwa 1908 akafa 1974. Mpiga fidla wa Umoja wa Kisovieti, alipiga viola pia (inafanana na fidla ila kubwa kidogo na sauti yake ni nzito), na uzeeni akaanza kuongoza okestra. Alifundisha Konsevatori ya Moscow, yaani chuo cha muziki, kuanzia 1934 mpaka anakufa, yaani miaka 40. Ukimuuliza mtu anayefuatilia muziki wa klasiki akutajie wapiga fidla watano wakubwa wa karne ya 20, jina lake halikosekani, na wengi watamweka juu pamoja na Jascha Heifetz. Mi namweka juu zaidi kwa sababu moja ambayo utaiona inajirudia humu: huyu alifanya kazi na watu walio hai. Watunzi wa enzi yake walimtungia, wanafunzi walimzunguka, na wapiga piano na chelo aliopiga nao alidumu nao miaka na miaka.

Jina linatamkwaje?

OI-strah, na hiyo "kh" mwishoni itamke kama ya "kheri". Waswahili tuna bahati, Waingereza huwa inawashinda. Wajerumani huandika Oistrach, ni yeye huyohuyo.

Alikuwa Mrusi, Mukraine au Myahudi?

Inategemea unauliza nini. Alizaliwa Odessa tarehe 30 Septemba 1908, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi, wakati huo ukiwa ndani ya himaya ya Urusi, leo uko Ukraine. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Maisha yake ya kazi karibu yote yalikuwa Moscow na pasipoti yake ilikuwa ya Kisovieti. Kwenye muziki watu humweka kwenye "shule ya Kirusi" ya fidla na hilo liko sawa, ila ukisema ni Mrusi mbele ya mtu wa Odessa jiandae kubishana mpaka usiku, na sasa hivi kwa hali ilivyo kule ubishi umezidi. Mi hapa naandika fidla ya Kirusi nikimaanisha ile mila ya ufundishaji, kwingine sigombani na mtu.

Alianza fidla akiwa na umri gani?

Akiwa na miaka mitano. Kabla ya hapo alikuwa na kifidla cha kuchezea tu, cha mtoto. Mama yake alikuwa mwimbaji wa kwaya kwenye opera ya Odessa, kwa hiyo mtoto alikulia kwenye kelele za okestra ikifanya mazoezi.

Mwalimu wake alikuwa Pyotr Stolyarsky, na hapa kuna kitu cha kushangaza: ndo mwalimu pekee wa fidla aliyewahi kuwa naye. Kuanzia utotoni mpaka anamaliza Konsevatori ya Odessa mwaka 1926 ni mtu mmoja. Wengi wa ngazi ile walipitia kwa walimu watatu wanne, wakaenda Berlin, wakaenda Petersburg, ye hapana, alikaa palepale nyumbani.

Stolyarsky alikuwa na kipaji cha watoto. Aliwaweka wapige kwa vikundi, wadogo wakisikiliza wakubwa, mazoezi yakawa kama mchezo, na alijua kumsoma mtoto mapema. Mwaka 1933 serikali ikamfungulia shule maalumu ya muziki hapo Odessa na mfano wake ukaigwa kwenye miji mingine ya Kisovieti. Mwanafunzi wake mwingine maarufu ni Nathan Milstein, ambaye baadaye aliondoka Urusi akaishia Marekani.

Kwanini wapiga fidla wengi wakubwa walitoka Odessa na miji ya kule, na wengi wao Wayahudi?

Swali zuri na jibu lake sio "damu" kama wengine wanavyopenda kusema. Chini ya tsar Wayahudi hawakuruhusiwa kuishi popote wanapotaka, walipangiwa maeneo ya magharibi ya himaya, na milango mingi ya kazi ilifungwa. Muziki ulikuwa mmoja wa milango michache iliyoachwa wazi kidogo, manake ukikubaliwa konsevatori ya Petersburg ulipata ruhusa ya kukaa mjini. Kuna kisa kinajulikana sana cha Jascha Heifetz: mtoto kakubaliwa kwenye darasa la Profesa Leopold Auer pale Petersburg lakini baba yake haruhusiwi kuishi naye, basi Auer akamwandikisha na baba kama mwanafunzi ili wasitenganishwe. Mzee mzima na ndevu zake, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Sasa ukiwa mzazi katika hali hiyo, afu mtaani kwako kuna mwalimu kama Stolyarsky, utamnunulia mtoto fidla. Familia maelfu zilifanya hivo, na kwenye maelfu lazima watoke wachache wa kutisha.

Ni kweli Prokofiev alimdhalilisha mbele za watu?

Kweli kabisa, na Oistrakh mwenyewe ndo aliyekuwa akiisimulia. Ilikuwa 1927, mtunzi Sergei Prokofiev kaja Odessa kwenye ziara, wakamwandalia karamu, na kijana Oistrakh wa miaka 18 akapangwa kupiga skerzo (sehemu ya kasi) kutoka Koncheto ya Kwanza ya Prokofiev mwenyewe. (Koncheto ni kazi ndefu ambapo mpigaji mmoja anasimama mbele na okestra inamsindikiza, nitalitumia sana hilo neno humu.) Kijana kapiga, ukumbi umepiga makofi, watu wamefurahi. Mtunzi kakaa kanuna. Alipomaliza Prokofiev akainuka, badala ya kumpongeza akamwambia hivi sivyo inavyopigwa, akaenda kwenye piano akaanza kumwelekeza palepale wageni wote wakiangalia.

Ungetegemea kijana aichukie ile kazi maisha yake yote. Yeye alienda kujifunza upya. Miaka ikapita wakawa marafiki, wakawa wanacheza chesi pamoja, mpaka 1937 walifanya mechi ya hadhara kabisa Moscow, watu wanaingia kutazama. Prokofiev alikuwa mchezaji hatari wa chesi na Oistrakh naye hakuwa wa mchezo, alikuwa na daraja la kwanza la Kisovieti.

Alishindwa na msichana wa miaka 15?

Ndiyo, Warsaw, 1935, mashindano ya kwanza ya fidla ya Wieniawski. Oistrakh alikuwa na miaka 26, tayari ana mke na mtoto, tayari kashinda mashindano ya Kisovieti. Wa kwanza akawa Ginette Neveu, Mfaransa wa miaka 15. Yeye wa pili. Kwenye barua kwa mkewe Tamara aliandika kwamba yule binti ana kipaji cha kishetani, na hakulalamika. Neveu alikufa kwenye ajali ya ndege 1949 akiwa na miaka 30 tu, ukisikiliza rekodi zake chache utaona majaji hawakukosea.

Miaka miwili baada ya Warsaw, 1937, Oistrakh alienda Brussels kwenye mashindano ya Eugène Ysaÿe na huko akachukua nafasi ya kwanza. Ila kilichotikisa Ulaya ni orodha nzima: ya kwanza Oistrakh, ya pili akaipata Ricardo Odnoposoff wa Argentina, afu ya tatu, ya nne, ya tano na ya sita zote wakachukua Wasovieti. Nchi moja nafasi tano kati ya sita. Mashindano hayo ndo baadaye yaligeuka kuwa ya Malkia Elisabeth, bado yapo mpaka leo, na malkia mwenyewe, ambaye alikuwa anapiga fidla, akawa rafiki wa Oistrakh mpaka mwisho.

Je alikuwa kibaraka wa Stalin?

Hili linaulizwa sana na wanaouliza huwa wanataka jibu la ndiyo au hapana. Alipata Tuzo ya Stalin 1943, aliingia chama cha Kikomunisti 1942, alipewa cheo cha Msanii wa Watu wa USSR 1953, na Tuzo ya Lenin 1960. Serikali ilimtumia kama uso wake mzuri nje ya nchi na ye hakukataa.

Upande wa pili ni huu. Mwimbaji Galina Vishnevskaya alisimulia jambo ambalo Oistrakh alimweleza kuhusu mwaka 1937, mwaka uleule wa ushindi wa Brussels. Jengo walilokuwa wanaishi Moscow watu walikuwa wanachukuliwa usiku, nyumba baada ya nyumba, mpaka kwenye ngazi yao zikabaki nyumba mbili tu, yao na ya jirani wa mlango wa pili. Kila usiku yeye na Tamara wanalala na mzigo umefungwa tayari wanasubiri. Siku moja saa za usiku wanasikia mlango wa chini, lifti inapanda, inasimama kwenye ghorofa yao. Viatu. Kimya. Afu kengele ikalia, kwa jirani. Oistrakh alimwambia Vishnevskaya kwamba tangu usiku ule alijijua kuwa yeye sio mpiganaji.

Kwa hiyo mi siwezi kumwita kibaraka na siwezi kumwita shujaa. Alikuwa mtu aliyeogopa kama watu wengi walivyoogopa, akatafuta namna ya kufanya kazi yake vizuri ndani ya hofu hiyo. Na kuna sehemu alionyesha ujasiri wake kwa njia yake, soma jibu linalofuata.

Ni kazi gani zilitungwa kwa ajili yake?

Hapa ndo penyewe.

Nikolai Myaskovsky alimtungia koncheto 1938. Aram Khachaturian alimtungia yake 1940, ile yenye ladha ya Armenia ambayo hata mtu asiyejua klasiki huwa anaitikisia kichwa. Oistrakh aliona kadenza aliyoandika Khachaturian (ile sehemu ambayo okestra inanyamaza mpigaji anabaki peke yake) haijakaa vizuri kwenye fidla, basi akaandika ya kwake, na ndo wapigaji wengi wanaitumia mpaka leo.

Prokofiev alikuwa na sonata ya filimbi (sonata hapa ni kazi ya chombo kimoja na piano) aliyoimaliza 1943. Oistrakh akaisikia akamwambia hii ingekaa vizuri zaidi kwenye fidla. Namna walivyofanya inapendeza: Oistrakh alichukua kila sehemu iliyohitaji kubadilishwa akaandika njia mbili tatu za kuipiga, akazipa namba, akampelekea Prokofiev ambaye alipitia na penseli, hii ndiyo, hii hapana. Kazi imeisha. Ilipigwa mara ya kwanza 1944 na leo watu wanaijua zaidi kama sonata ya fidla kuliko ya filimbi.

Afu ikaja sonata nyingine, ya F maina, nzito mno, ambayo Prokofiev aliianza 1938 akaimaliza 1946 na kuiandika kwa jina la Oistrakh. Kuna sehemu fidla inapita haraka juu chini kwa sauti ya chini sana huku piano inagonga taratibu, na Prokofiev aliwaambia wapigaji iwe kama upepo unaopita makaburini. Prokofiev alikufa tarehe 5 Machi 1953, siku ileile na Stalin, Moscow nzima imejaa umati wa msiba wa Stalin, maua hayapatikani. Kwenye mazishi yake Oistrakh alipiga sehemu ya kwanza na ya tatu ya sonata ile.

Na sasa mtunzi Dmitri Shostakovich. Koncheto ya Kwanza ya Fidla aliiandika 1947 mpaka 1948. Ilipokaribia kuisha, Februari 1948 chama kikatoa azimio la kuwashambulia watunzi, Shostakovich na Prokofiev wakiwa juu kwenye orodha, na Shostakovich akapoteza kazi ya kufundisha Moscow na Leningrad (ndo Petersburg ileile, jina la Kisovieti). Koncheto ikaingia kwenye droo. Ikakaa humo miaka saba. Stalin akafa, mambo yakalegea kidogo, na tarehe 29 Oktoba 1955 Oistrakh akaipiga Leningrad, okestra ikiongozwa na Yevgeny Mravinsky. Kusimama na kazi ya mtu aliyetoka kulaaniwa na chama, afu kuipigania, kwa wakati ule halikuwa jambo dogo, ndo maana nikasema ujasiri kwa njia yake.

Kazi yenyewe ina sehemu nne na kati ya ya tatu na ya nne kuna kadenza ndefu kama sehemu nyingine kamili, inaanza polepole na kujijenga mpaka mpigaji anaishiwa pumzi. Mwanzoni Shostakovich alikuwa ameandika fidla iendelee moja kwa moja kuingia sehemu ya mwisho. Oistrakh akamwomba jamani, nipe hata nafasi ya kufuta jasho. Shostakovich akaelewa mara moja, akawapa okestra ile mada ya mwanzo. Ukiangalia mpigaji yeyote leo anaposhusha fidla sekunde chache pale, analipata pumziko alilolipigania Oistrakh.

Miaka ikaenda, Shostakovich akaandika Koncheto ya Pili kama zawadi ya kutimiza miaka 60 ya rafiki yake, ikapigwa 1967. Tatizo: Oistrakh alizaliwa 1908, alikuwa anatimiza 59. Mtunzi alikosea hesabu mwaka mzima. Kwa kuwa alikuwa muungwana, 1968 akaandika nyingine, Sonata ya Fidla, kwa ajili ya 60 halisi. Sidhani kama kuna hesabu mbovu iliyowahi kuwa na faida kubwa hivi.

Alifanya nini wakati wa vita?

Alizunguka kupiga kwa wanajeshi, kwa wafanyakazi wa viwandani, hospitalini na redioni, na aliingia Leningrad iliyokuwa imezingirwa. Kipindi hicho pia ndo kikundi chake cha watu watatu kilianza, yeye, Lev Oborin kwenye piano na Sviatoslav Knushevitsky kwenye chelo, kuanzia 1941 mpaka Knushevitsky alipofariki 1963. Waliacha rekodi nzuri mno.

Alianza lini kupiga nchi za Magharibi?

Baada ya vita aliruhusiwa kidogokidogo, Florence 1951, Ufaransa 1953, London 1954. Marekani ilikuwa Novemba 1955, Carnegie Hall, New York. Siku hiyo ukumbi ule ulikuwa na wapiga fidla watatu kwa zamu, Mischa Elman, Oistrakh na Milstein, wote wana mizizi ya ule ukanda wa kusini mwa Urusi ya zamani. Kesho yake usingepata tiketi ya Oistrakh hata kwa kuhonga.

Sehemu kubwa ya hela ya maonyesho ya nje iliingia serikalini, mpigaji anabaki na kidogo. Watu wanauliza mbona hakukimbia kama wengine. Familia, wanafunzi, lugha, na deni aliloliona analo kwa nchi iliyomsomesha bure. Mengine ukisoma kile kisa cha lifti utajaza mwenyewe.

Alikuwa mwalimu wa aina gani?

Kwanza darasa lake lilikuwa wazi. Mwanafunzi mmoja anapiga, wengine wamekaa wanasikiliza, na wageni pia wanaingia, kwa hiyo kila kipindi kilikuwa kama onyesho dogo na hakuna aliyekuja hajajiandaa, aibu yake ingekuwa mbele ya wenzake.

Pili hakuongea sana. Alikuwa anachukua fidla anaonyesha. Nadharia ndefu ya kidole kiende wapi hakuwa nayo kwa mdomo, alikuwa nayo mkononi, na mwanafunzi alitakiwa kusikia tofauti kati ya alichopiga yeye na alichopiga mwalimu afu atafute mwenyewe njia ya kufika. Kwa mwanafunzi mvivu hiyo ni njia mbaya sana ya kufundishwa. Kwa wale wenye masikio ni dhahabu.

Tatu, na hili ndo kubwa kwangu, hakutaka wapige kama yeye. Ukichukua wanafunzi wake ukawaweka mstari mmoja huwezi kudhani wametoka darasa moja. Gidon Kremer, kutoka Riga, aliingia kwake 1965 akiwa na mawazo yake ya ajabu, anapenda muziki mpya ambao mzee hakuwa anaupenda sana, anapiga kwa sauti kavu, kali, mbali kabisa na ile sauti nene ya joto ya Oistrakh. Mwalimu mwingine angemnyoosha. Oistrakh alikuwa anamwambia wazi pale asipokubaliana naye, afu anamwacha aende. Mwaka 1970 Kremer akashinda mashindano ya Tchaikovsky.

Ubaya wake kama mwalimu ulikuwa safari. Alikuwa nje miezi kwa miezi na darasa linabaki na wasaidizi, akiwemo Pyotr Bondarenko na baadaye mtoto wake Igor. Akirudi anawasikiliza wote mfululizo mpaka usiku.

Wanafunzi wake maarufu ni nani?

Mbali na Kremer kuna Viktor Pikaizen na Valery Klimov. Kwenye mashindano ya kwanza ya Tchaikovsky mwaka 1958, Klimov alikuwa wa kwanza na Pikaizen wa pili, wote wa darasa moja, na mwenyekiti wa majaji wa fidla alikuwa... Oistrakh. Ndiyo, watu walinong'ona, ila sikiliza rekodi za Pikaizen akipiga Paganini kabla hujaanza kunong'ona na wewe. Wengine ni Oleg Kagan aliyekufa mapema 1990, Liana Isakadze wa Georgia, Lydia Mordkovitch aliyehamia Uingereza, Oleh Krysa, Rosa Fain, Olga Parkhomenko. Wengi wao nao wakawa walimu, kwa hiyo ukifuatilia mpiga fidla wa leo ukiuliza kafundishwa na nani aliyefundishwa na nani, mara nyingi unaishia Moscow kwenye lile darasa.

Igor Oistrakh ni nani, ni mtu huyohuyo?

Hapana, ni mtoto wake, alizaliwa Odessa 1931 akafariki 2021. Mpiga fidla mkubwa kwa haki yake. Mwaka 1952 alishinda nafasi ya kwanza kwenye mashindano ya Wieniawski, yale yale ambayo baba yake aliambulia ya pili. Walipiga pamoja mara nyingi, hasa Koncheto ya Bach ya fidla mbili. Baadaye alihamia Ubelgiji akafundisha Brussels, na mwanawe Valery naye ni mpiga fidla.

Wengine wanamchanganya na Leonid Kogan, huyo hawana undugu, alikuwa mpigaji mwingine wa Moscow wa rika la chini kidogo, mtindo wake mkali zaidi.

Alitumia fidla gani?

Kwa miaka kama kumi alipiga Stradivarius (fidla za fundi Mwitalia Stradivari, za bei ya kutisha) inayoitwa Conte di Fontana ya 1702, na kuanzia 1966 akapiga Stradivarius nyingine, Marsick ya 1705. Malkia Elisabeth wa Ubelgiji naye alimwachia Stradivarius ya 1671, ambayo ilienda kwenye jumba la makumbusho la Glinka pale Moscow, ikaibiwa 1996, ikapatikana 2001. Ila wanaomfahamu wanasema ungempa fidla ya bei yoyote bado ungesikia ni Oistrakh, ile sauti ilikuwa kwenye mkono wa kulia, upinde mrefu usiokatika, mgandamizo sawasawa toka mwanzo wa upinde mpaka ncha.

Alipiga viola kweli?

Ndiyo, toka utotoni kwa Stolyarsky. Tafuta rekodi ya 1963 ya Sinfonia Concertante ya Mozart, Igor yuko kwenye fidla na baba yuko kwenye viola. Baba kachukua chombo cha nyuma kamwachia mtoto cha mbele.

Nasikia hakufurahia rekodi ya Beethoven na Karajan?

Ile ya Koncheto ya Watu Watatu, Berlin 1969, Oistrakh, Sviatoslav Richter kwenye piano, Mstislav Rostropovich kwenye chelo, Herbert von Karajan akiongoza. Kwenye jalada wote wanatabasamu. Richter baadaye alisema waziwazi ilikuwa vita, Karajan na Rostropovich upande mmoja, yeye na Oistrakh upande wa pili, na Richter alipoomba warudie kipande Karajan alikataa, muda umeisha, kuna picha za kupiga. Rekodi iliuza sana. Mi naona ni nzuri ila sio nzuri kama majina yaliyo juu yake.

Alikufaje?

Moyo. Alipata shambulio la kwanza 1964, madaktari wakamwambia apunguze, akapunguza kidogo afu akaongeza tena, maonyesho, darasa, kuongoza okestra, majaji. Tarehe 24 Oktoba 1974 alikuwa Amsterdam akiongoza mfululizo wa konsati za Brahms, akafia hotelini, miaka 66. Alizikwa makaburi ya Novodevichy, Moscow. Shostakovich, ambaye alikuwa mgonjwa miaka mingi na kila mtu alidhani angetangulia, alimfuata Agosti 1975. Tamara alifariki 1976.

Mi ni mgeni kabisa wa klasiki, nianze kusikiliza nini?

Usianze na Shostakovich, utakata tamaa. Anza na koncheto ya Tchaikovsky au ya Sibelius alizorekodi Marekani na Eugene Ormandy 1959, hizo zinaingia masikioni bila kulazimisha. Afu Scottish Fantasy ya Bruch, London 1962, na Jascha Horenstein, hapo sikiliza ile sauti ya chini kwenye uzi wa G. Kama unapenda muziki wa watu wawili tu kuna sonata zote kumi za Beethoven akiwa na Oborin, 1962, na zinafaa kusikiliza ukiwa unafanya kazi nyingine. Ukishazoea rudi kwa Shostakovich ya Kwanza, kuna mbili za kuchagua, ya New York na Dimitri Mitropoulos ya Januari 1956 na ile aliyorekodi na Mravinsky mwaka huohuo. Ya Mitropoulos ina moto zaidi, ya Mravinsky ina baridi ya kutisha, mi nachukua ya Mravinsky. Kwa kuwa bando ni ghali, kama unaweza kusikiliza kazi moja tu basi ruka moja kwa moja kwenye sehemu ya tatu na usiishie kati, ile kadenza inafuata palepale.